Mdogo wangu anamfuata mumewe Ujerumani, anaambiwa akifika akae darasani saa 700. Hili darasa ni la nini hasa?

Fundi Geti wa Kizota:

Wakuu habari za majukumu. Wakubwa zangu shikamooni.

Nina jambo la kifamilia, naomba wenye uzoefu mnisaidie. Wa utani nao karibuni, ila msinivurugie uzi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha, nipo Kizota hapa hapa Dodoma. Mdogo wangu wa kike, tumbo moja, ni fundi cherehani pale Majengo. Mwaka jana aliolewa na Mjerumani aliyekuwa huku kwenye mambo ya visima vya maji upande wa Bahi. Ndoa halali kabisa, mahari ilitoka, wazee wa Mpwapwa walikula mbuzi wao. Jamaa mkataba ukaisha, karudi kwao Bremen, binti akabaki kumalizia masharti ya viza. Sharti mojawapo ni mtihani wa Kijerumani, ile ngazi ya chini kabisa wanayoita A1. Kahangaika mtoto wa watu. Kaenda Dar, kakaa kwa mama mdogo Mbagala, kasoma, kafaulu. Sisi tukajua ngoma imekwisha.

Juzi shemeji kapiga simu ya video anasema akifika kule ofisi ya wageni inaweza kumwandikia barua asome tena. Saa 700! Lugha 600, halafu saa 100 za kufundishwa historia ya nchi yao, sheria zao, na namna ya kuishi na watu. Mwisho mitihani miwili.

Nyumbani pamewaka. Mzee wangu ni mzee wa kanisa, hana maneno mengi, lakini siku hiyo aliongea. Anasema binti wa miaka 29, kalelewa akaleleka, leo anakwenda kufundishwa namna ya kuishi na watu? Walimu wake walikuwa wapi siku zote? Kisha akaenda mbali zaidi, anaona hiyo ni njia ya kumbadilisha mtu dini polepole. Mama yeye anawaza kitu kimoja tu, akifeli si watamrudisha? Na mimi nawaza hela, sitaki kuwaficha. Yule binti ana mikono, anashona suti ya mwanaume mpaka unasema imetoka dukani. Akikaa darasani muda wote huo, dawa za presha za mama zitatoka kwa nani?

Sasa kwa waliopita huko: ni lazima kweli? Inalipiwa na nani? Akianza kazi kwanza, kozi akaja kuisoma baadaye, kuna ubaya? Na hicho wanachofundisha ni kitu gani?

Mkulima wa Zabibu:

Mkuu unajiumiza kichwa bure. Kaolewa, ana mume, mume ndiye darasa. Aende akashone, hela iingie, hiyo kozi aikwepe kwa akili. Wazungu kwa makaratasi hawajambo. Sisi huku mgeni akija anapewa ugali na mlenda, anapelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa ajulikane, kwisha. Tumeshawahi kumpa nani mtihani?

Dereva wa Kibaigwa:

Saa 700 😂 Nipo nafuatilia.

Mama Ipagala:

Fundi, salamu zimefika. Mama mpe pole, na mzee mwambie shikamoo yake ipo, mwanawe wa Kondoa anamsalimu.

Kozi hiyo nimeisoma mwenyewe, Leipzig, mwaka 2018. Sasa hivi nimerudi, nipo Ipagala na shughuli zangu. Nitakujibu kwa urefu, mwenye haraka aruke.

Nianze na Mkulima wa Zabibu, maana ushauri wake ukifuatwa binti wa watu ataumia. Kozi ikishaandikwa kwenye barua ya ofisi ya wageni si hiari tena. Asipokwenda bila sababu wanaweza kumtoza faini, na kibali chake cha kuishi kitakuwa kinaongezwa kwa mwaka mmoja mmoja, kila mwaka yuko kwenye foleni na mafaili. Akisoma akafika ngazi ya B1 (juu ya ile A1 kuna A2, kisha B1), amekaa miaka mitatu na ndoa bado ipo, anaweza kuomba kibali cha kudumu. Hiyo B1 ndiyo hiyo hiyo inayolengwa na kozi. Sasa anaikwepa ili apate nini?

Kuhusu kufeli, mama alale usingizi. Hakuna anayepandishwa ndege kwa ajili ya maksi. Mtihani wa lugha unapima ngazi mbili kwa pamoja, A2 na B1. Ukipungukiwa unapewa cheti cha A2, unaendelea kujipanga. Wanachokifuatilia kwa ukali ni mahudhurio. Sisi tulikuwa tunatia sahihi kila siku, na mwalimu haandiki jina la mtu ambaye hamwoni.

Hela. Wakati wangu mwanafunzi alichangia yuro 1.95 kwa kipindi. Mara ya mwisho nilipoangalia ilikuwa 2.29, kwa hiyo piga mara 700 utapata kama yuro 1,600. Anayeishi kwa posho ya serikali husamehewa, lakini mke wa mtu mwenye mshahara wake hulipa. Hiyo ni kazi ya shemeji yako, mwambieni mapema, yeye ndiye aliyeoa. Zingatia pia kwamba kipindi ni dakika 45, si saa nzima. Ukienda kila siku asubuhi mpaka mchana ni kama miezi saba, si mwaka. Na ile A1 ya Dar haikupotea. Kabla ya kuanza kuna mtihani mdogo wa kumpanga mtu. Lugha imegawanywa mafungu sita ya vipindi mia mia, na mwenye A1 anaweza kuruka mafungu ya mwanzo. Fungu lililorukwa halilipiwi.

Kufanya kazi anaruhusiwa tangu siku ya kwanza, ni mke wa raia. Zipo pia kozi za jioni. Lakini sikiliza kwa nini mimi namwambia asianze na kazi.

Darasani kwetu tulikuwa mchanganyiko. Wasiria ndio wengi, walikuja 2015 na 2016, Waeritrea, mwanamke wa Vietnam, Mbrazili, dada mmoja kutoka Kameruni, na mimi mtu wa Dodoma. Wanawake wachache tulikuwa na waume Wajerumani. Watu walituonea wivu, wanasema ninyi nyumbani mna mwalimu wa bure. Ilikuwa kinyume. Sisi ndio tulikuwa nyuma kuliko wote. Kijana Msiria wa Aleppo akipata barua anaihangaikia, anauliza, anakosea, anajua. Sisi barua ikija anaifungua mume. Simu ikilia anapokea mume. Kwa daktari mume ndiye anayeeleza unaumwa nini, wewe umekaa kama mtoto wa kliniki. Na kadiri alivyo mwema ndivyo anavyokuchelewesha, maana mwenye roho mbaya angekuacha ujitegemee.

Sasa chukua huyo binti, mpeleke moja kwa moja kwenye kazi ya kushona. Atakaa kwenye mashine chumba cha nyuma, mteja anapokewa na mwenye duka, jioni anarudi kwa mume anayeongea naye Kiingereza na Kiswahili cha Bahi. Miaka mitano hiyo, hajui kuuliza bei ya uzi. Nimewaona, tena wenye akili zao.

Kilichonifaa mimi zaidi kwenye vipindi vyote 700 wala hakikuwa na mtihani. Siku moja mwalimu, mama wa makamo, aliingia na mfuko wa barua. Barua za kweli, amefuta majina kwa kalamu nyeusi. Akazimwaga mezani, akasema zipangeni: ipi ya kutupa, ipi inasubiri, ipi unajibu leo. Tulichukua asubuhi nzima. Kulikuwa na matangazo ya maduka yenye mihuri mikubwa utafikiri yametoka mahakamani, halafu bili ya umeme imejificha kwenye karatasi nyembamba isiyo na lolote. Mwisho akatoa bahasha ya njano. Akasema hii msiichezee. Hiyo ni barua ya kiserikali inayotumwa kwa utaratibu maalumu. Mtu wa posta akikukosa anaitumbukiza kwenye sanduku lako na anaandika tarehe juu ya bahasha. Kuanzia tarehe ile unahesabiwa umeipata, hata kama ulikuwa safarini au umelala nayo wiki nzima hujaifungua. Kama ni faini una wiki mbili za kupinga, maamuzi mengine ya ofisi mara nyingi ni mwezi mmoja. Zikipita, imekula kwako. Kumbe Msiria mmoja nyuma yangu alikuwa nayo nyumbani, imo chini ya Kurani, hajaigusa, kaiogopa rangi. Alitoka darasani mbio.

Mumeo akikufungulia bahasha hiyo kila mara, hutakaa uijue.

Sasa hizo saa 100 zinazomsumbua mzee. Ni siasa, historia na maisha ya jamii. Katiba yao ya 1949, bunge linachaguliwaje, Hitler aliingiaje madarakani 1933, nchi ilivyogawanywa na ilivyoungana. Haki za mke na mume, sheria ya kutopiga watoto (hapo Waafrika wote tuliguna, dada wa Kameruni akauliza kama kofi nalo linahesabika, jibu likawa ndiyo). Mambo ya kutenganisha takataka. Baadhi ya vipindi nilisinzia, siwezi kusema uongo.

Ila siku nyingine walitutoa nje. Leipzig kuna kanisa la Mtakatifu Nikolai, katikati ya mji. Watu walikuwa wanasali pale kila Jumatatu wakitoka wanaandamana kudai mabadiliko. Tarehe 9 Oktoba 1989 walijaa watu kama 70,000, askari wamejipanga, kila mtu anasubiri risasi, risasi hazikupigwa. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin uliotenganisha Mashariki na Magharibi ukafunguka. Mwalimu wetu alikuwa msichana wakati ule. Alitusimamisha kwenye kona akasema baba yangu alinikataza nisivuke hapa, na nilivuka. Msiria mmoja mzee akamuuliza, na ninyi mlijuaje kwamba hawatapiga? Akajibu hatukujua. Darasa lote likanyamaza. Wale watu wa Aleppo na Homs walikuwa wanaelewa kuliko mwalimu mwenyewe anachokisema.

Mtihani wake sasa. Maswali 33, dakika 60, kila swali majibu manne unachagua moja. Ukipata 15 umefaulu kozi. Ukipata 17 unahesabika pia kama mtihani wa uraia, kama siku moja atautaka. Maswali yote yako wazi, 300 ya nchi nzima na 10 ya jimbo unaloishi, na siku ya mtihani unaletewa 30 ya nchi na 3 ya jimbo. Yeye ni wa Bremen, basi ajue nembo ya Bremen ni ufunguo, ni swali la bure hilo. Anayejua kukariri anapita. Yule kijana wa Aleppo aliyakariri kwenye tramu, akapata yote, na bado jirani akimgongea mlango alikuwa ananipigia mimi simu nimsaidie. Kwa hiyo wanaosema mtihani ule unapima kama mtu amekuwa mwenzao, mimi sikubaliani nao. Unapima kumbukumbu. Mle darasani ndimo mtu anamobadilika, na si lazima abadilike kwa namna waliyoiandika kwenye mtaala.

Lipo swali moja linauliza mtumishi wa ofisi ya serikali akikutendea vibaya ufanye nini. Jibu: unaweza kulalamika kwa mkuu wa ofisi. Tulicheka sana. Mama mmoja wa Eritrea akasema, kwetu ukifanya hivyo unawahi jela. Mwalimu hakucheka. Alitoka, akarudi na mfano wa barua ya malalamiko, tukaiandika wote kwa mkono, mwanzo mpaka sahihi.

Dini: mzee atulie. Kinachofundishwa ni kwamba kila mtu ana uhuru wa dini yake, na wa kutokuwa nayo. Hakuna anayemgusa mtu imani. Lakini mpe tahadhari nyingine ambayo hataipenda. Binti akienda kujiandikisha makazi ataulizwa dini. Si uchunguzi, ni kodi. Ukiandikwa muumini wa Katoliki au wa kanisa lao kubwa la Kiprotestanti, ukiwa na mshahara unakatwa kodi ya kanisa, asilimia 9 ya ile kodi ya mapato, na huko Bremen ni hiyo hiyo 9. Sadaka inakatwa kabla hujaiona. Aulize kwanza kanisa lake linaingia humo au haliingii, ndipo ajaze fomu.

Mkulima wa Zabibu:

Sadaka inakatwa kwenye mshahara? Mzee akisikia hiyo ataifunga safari yeye mwenyewe.

Mama nimekusoma, nimeshuka. Ila bado nasema sisi tuna moyo wa kupokea mgeni bila mitihani. Hapo hatujapitwa.

Mtoto wa Ulyankulu:

Mkulima wa Zabibu, heshima yako kaka, lakini hapo kwenye moyo wa kupokea naomba niingie.

Mimi nipo Nkuhungu kikazi, kwetu Ulyankulu, Tabora. Babu aliingia akitokea Burundi mwaka 1972, damu zinamwagika kule. Makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu yalianzishwa mwaka ule ule, ya Katumba yakafuata 1973, ya Mishamo 1978. Walipewa pori, wakafyeka miombo, wakalima mahindi na tumbaku. Mama yangu kazaliwa pale. Mimi nimezaliwa pale, nimesoma shule ya msingi kwa mtaala wa Tanzania, nimeimba Mungu Ibariki kila asubuhi, Kirundi changu ni cha kuombea maji tu.

Hatukuwa na kozi. Kozi yetu ilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kutoka Sikonge aliyekuwa anachapa kila aliyeongea Kirundi uani, na mnunuzi wa tumbaku ambaye usipojua hesabu kwa Kiswahili anakupunja. Tukajua lugha vizuri sana. Ila hakuna aliyemfundisha babu haki yake ni ipi. Alikufa bado anaogopa kutoka nje ya makazi bila karatasi.

Na uraia wenyewe ulikuja hivi. 2007 tukahesabiwa na kuulizwa, kurudi Burundi au kubaki? Karibu wanne katika kila watano walichagua kubaki. Serikali ikakubali, na hilo nalisema kwa shukrani kabisa, nchi gani nyingine ilishawahi kuchukua wakimbizi 162,000 kwa mkupuo mmoja ikawafanya raia? Ilipofika 2010 maombi yakapitishwa. Lakini vyeti havikutoka. Sharti likawa lazima tuyahame makazi, tutawanywe mikoani, ndio tuchanganyike na Watanzania wengine. Wazee wakauliza, tukachanganyike na nani wakati shule moja, soko moja, na makaburi yetu yako hapa? Watu waliacha kujenga, waliacha kupanda miembe, maana hujui mwakani uko wapi. Uraia wa Burundi tumeukana, wa Tanzania tunaambiwa upo lakini karatasi hatuioni. Vyeti vilianza kutolewa mwishoni mwa 2014, na suala la kuhamishwa likaachwa.

Kwa hiyo Mama Ipagala anaposema darasa la barua za njano, mimi namwonea wivu. Sisi tungempata mtu wa kumwaga barua mezani akasema hii maana yake hii, hii maana yake hii, ungeokolewa usingizi wa watu wengi.

Na kuhusu mtihani, sheria yetu ya uraia ya 1995 nayo inamtaka mwombaji wa tajnisi, yaani mgeni anayeomba kuwa raia, ajue Kiswahili au Kiingereza. Tofauti ni kwamba hakuna anayekufundisha. Unakuja unakijua.

Mkulima wa Zabibu:

Mdogo wangu, hii historia sikuijua hivi. Nimeipokea.

Mkalimani Mstaafu:

Naongezea kidogo. Miaka ya nyuma nilikuwa natafsiri kule Kasulu kwa wakimbizi Wakongo wa kambi ya Nyarugusu waliokuwa wanahamishiwa Marekani. Wao darasa lao lilikuwa la siku chache tu, tena kabla ya kupanda ndege. Namba ya dharura 911 unapiga lini, mkanda wa gari, mtoto haachwi nyumbani peke yake, kodi ya nyumba inalipwa tarehe ngapi. Na sentensi moja ilikuwa inarudiwa kila siku: msaada ni wa miezi mitatu ya kwanza, tafuta kazi yoyote upesi. Marekani wanakutupa majini ujue kuogelea, Mjerumani anakuweka kwanza ufukweni na kitabu.

Nimeona waliokwenda. Vijana waliondoka wakasimama haraka, wana magari, wanatuma hela. Wazee ndio walioganda, kazi za usiku za kukata nyama na Kiingereza hamna. Wengine waliokuwa wamemaliza usaili wote bado wako kambini, kwa sababu mpango wenyewe ulisimamishwa Januari 2025 utawala mpya ulipoingia. Tena kambini kule wakati wangu watoto walikuwa wanasoma mtaala wa Kongo na wa Burundi, si wa kwetu, na kutoka nje ya kambi ilikuwa kwa kibali. Kwa hiyo namuunga mkono kijana wa Ulyankulu.

Fundi, mdogo wako ana bahati ya kuandaliwa. Asome.

Dereva wa Kibaigwa:

Uzi umekuwa shule. Fundi, mzee kasemaje?

Fundi Geti wa Kizota:

Nimewasomea wote jana jioni, mzee kwenye kigoda, mama anachambua mboga, binti yupo. Mzee alisikiliza hadi kwenye kodi ya kanisa, akaniambia rudia hapo. Nikarudia. Akasema, basi hao hawana shida ya dini, wana shida ya hela. Hofu yake imeishia hapo, sasa anataka kujua kanisa letu Anglikana linaingia kwenye hiyo orodha au haliingii.

Mtoto wa Ulyankulu, mama anakusalimia sana. Alisoma na watu wa kwenu Tabora, kasema hakuwahi kujua habari ya vyeti.

Nimempigia shemeji, nimemwambia ada ni yako na barua usimfungulie. Kacheka, kakubali. Binti mwenyewe ana maswali kwa Mama Ipagala. Cherehani aende nayo au aiache? Kule kushona kwa kujitegemea inaruhusiwa au mpaka cheti cha ufundi? Na hayo maswali 310 anaweza kuanza kuyasoma akiwa huku? Kuna mtu mtandaoni anauza kijitabu, elfu sitini.

Mama Ipagala:

Cherehani aiache, au amwachie mwanafunzi wake pale Majengo imwingizie chochote. Kule za mitumba nzuri zipo tele na za bei ndogo, na uzito wa mzigo autumie kwa vitenge, wateja atawapata kwa vitenge. Akishaipata mashine, Jumapili asiiguse kama anaishi ghorofani. Jumapili ni siku ya kimya, huwezi hata kutoboa ukuta, na mashine ya umeme juu ya sakafu ya mbao jirani wa chini anaisikia kama trekta. Mimi jirani yangu alinibandikia karatasi mlangoni kwa ajili ya blenda.

Kushona kwa kujitegemea kunaruhusiwa. Kazi ya kurekebisha nguo, kufupisha suruali, kubadilisha zipu, haihitaji cheti cha fundi mkuu, na hata kushona nguo mpya kwa vipimo haihitaji. Lakini lazima asajili biashara manispaa na kwenye chemba ya mafundi, na hapo ndipo Kijerumani chake kitakapokuwa na kazi, maana fomu hazina huruma. Maduka hayo yamejaa wahamiaji, ataona mwenyewe. Aanze kwa kuajiriwa jioni wakati anasoma asubuhi, ajue bei za watu.

Cheti chake cha kidato cha nne na cha kuzaliwa aende navyo vile vya asili, asibebe nakala tu. Tafsiri atafanyiwa kule na mtafsiri aliyeapishwa, ndiyo wanayoiamini.

Anglikana aulize ofisi ya makazi kule Bremen kabla ya kujaza, majibu anaweza kuyapata kwa barua pepe. Aandike mwenyewe, mume asimwandikie.

Elfu sitini msitoe. Maswali yote yako bure kwenye tovuti ya idara yao ya uhamiaji na wakimbizi, inaitwa BAMF. Yako kwa Kijerumani tu, na kwa A1 yake hatayaelewa bado, asijitese. Achukue yale 10 ya Bremen ayasome kwa kamusi, moja kila jioni. Akikwama aniandikie hapa hapa.